Mwaka Niliotembea na Mzee Kondo

Tulikuwa tumekaa mkekani msibani kwa Mama Asha, mwezi uliopita, pale pale Mwembesongo, bibi mmoja nisiyemjua akamwinamia jirani yake na kumnong'oneza, kwa ule mnong'ono wa watu wenye masikio mazito ambao mpaka wapishi uani wanausikia: "Ndiye huyu aliyekuwa akitembea na mumewe?" Jirani akamfinya paja. Mimi nikaendelea kuchambua mchele kwenye ungo kama mtu ambaye hakusikia kitu. Nina umri wa kuamkiwa sasa, nina wajukuu, magoti yananiuma nikisimama na yananiuma nikikaa, na bado kuna watu Morogoro wananikumbuka kwa jambo hilo moja. Nilitaka kumjibu palepale. Lakini jibu lenyewe refu, na mchele ulikuwa na mawe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda ambacho kila mtu alijua kinauzwa, ila hakuna aliyejua kinauzwa kwa nani. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu tukiwa watoto yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilimwagwa sokoni mpaka barabarani, na kiwandani kwetu walikuja wageni wenye makabrasha, wakazunguka mashine wakinong'onezana, wakiondoka tunabaki kuulizana nani atapunguzwa. Nilipanga chumba cha uani kwa Mzee Kondo, mkuu wa stoo wa kiwanda hichohicho. Kilikuwa chumba cha kitanda, meza na ndoo mbili, na ukuta wake haukufika juu darini, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kwao nilikisikia, nitake nisitake. Chakula nilikula kwao. Binti yao Asha alikuwa ameolewa mbali, na nadhani Mama Asha alinipangisha zaidi kwa sababu alichoka kupika chungu kidogo. Mama Asha alipika, jamani. Maharage yake ya nazi na ndizi mzuzu mpaka leo sijaonja mfano wake, na chai yake ilikuwa na mdalasini wa Matombo uliokuwa bado gome zima.

Mzee Kondo naye alikuwa mtu wa kitambi, na alikipenda. Enzi zile kitambi kilikuwa heshima. Mtu mwembamba alitazamwa kwa huruma, na miaka ile tena alitazamwa kwa hofu, kwa sababu ya ule ugonjwa ambao tulikuwa hatuutaji kwa jina, tunasema tu fulani amekanyaga waya. Kiwanda kilimpa pikipiki, na hata dukani kwa jirani alikwenda na pikipiki. Asubuhi moja akaanguka stoo, katikati ya maboksi, kwa kizunguzungu. Mimi ndiye niliyempeleka zahanati. Daktari akamvika ule mkanda mkononi, akaujaza upepo, akasoma kipimo, akaujaza tena kana kwamba hakuamini, kisha akamwambia bila kupepesa macho: "Mzee, wewe unatembea na kiharusi mfukoni. Chumvi uache. Uzito upungue. Na kila siku, ukijisikia usijisikie, utembee kwa miguu saa nzima." Halafu akanigeukia mimi, akidhani ni mwanawe. "Na asitembee peke yake hata siku moja. Kizunguzungu kikimkuta njiani peke yake, ndiyo basi."

Njia nzima ya kurudi Mzee Kondo alinuna. "Nimefanya kazi miaka yote hiyo nisitembee kwa miguu," alisema, "leo nimepata chombo naambiwa nirudi kwa miguu." Mama Asha alipoelezwa hakulia wala hakupiga kelele. Alichukua kopo la chumvi akalipeleka chumbani kwake akalifungia sandukuni. Yeye nyonga ilikuwa mbovu, hata kufika sokoni ilikuwa safari. Kwa hiyo jioni ile, tukiwa tunakula mchicha usio na ladha yoyote, wote watatu tukitafuna kwa heshima, akasema: "Pili mwanangu, mimi sina miguu. Utatembea na baba yako." Nikasema sawa, mama. Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa, na aliyeyasema ni yeye, nataka hilo lieleweke.

Tukaanza. Alitoka msikitini baada ya swala ya alfajiri, ananikuta mlangoni nimejifunga kanga juu ya gauni na miguuni nina raba za mtumba alizonichagulia Selemani. Selemani alikuwa anauza mitumba sokoni na alikuwa ameshanitumia posa, nitamfikia. Wiki ya kwanza tuliishia Mji Mpya, mzee akihema na kulalamika. Mwezi wa pili tulifika njia ya Boma. Mwezi wa tatu tulikuwa tunapanda mpaka karibu na mlima, pale penye jiwe kubwa kando ya kijito, anakaa, ananywa maji, anatazama mji chini na kusema kila siku jambo lilelile: "Kumbe mji wenyewe mdogo hivi." Wakati sisi tunapanda, akina mama wa Uluguru walikuwa wanashuka, matenga ya ndizi na mboga vichwani, mwendo wao wa haraka bila kuangalia chini. Walitucheka wazi. Siku moja mmoja wao, mwenye jino moja la mbele lililokatika, alituuliza: "Mzee, kila siku mnatafuta nini huko juu?" Mzee akamjibu, "Natafuta afya yangu." "Mh. Sisi tumetoka huko, hatukuiona." Wakasemezana Kiluguru, wakacheka tena, wakapita. Tangu siku hiyo tukawa marafiki. Wasipotukuta njiani, kesho yake wanatuuliza kulikoni.

Na mzee akapungua. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, ingawa sisi tulidhani ndipo raha ilipoanzia. Kitambi kiliyeyuka, mashavu yakaingia ndani, mkanda wa suruali akautoboa tundu jipya kwa msumari wa stoo. Kila Ijumaa tukirudi tulipitia zahanati akapimwa, na kila Ijumaa presha ilikuwa imeshuka kidogo, na daktari akanipongeza mimi kama vile damu ile ni yangu. Nilijiona mtu wa maana. Kiwandani, mambo yalikuwa tofauti. Mtu ambaye alikuwa na pikipiki sasa anaonekana kwa miguu, alikuwa mnene sasa amekonda, na pembeni yake kila alfajiri yupo msichana. Maongezi yalikatika nikiingia kantini. Mlinzi wa getini, ambaye alikuwa ananitania kila siku, aliacha kunitania. Mimi nikadhani ni wasiwasi wa kupunguzwa, maana sote tulikuwa na wasiwasi.

Jumapili moja mchana nilikuwa chumbani napiga pasi. Mama Chausiku, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa sebuleni kwa Mama Asha. Sauti yake ikashuka, na sauti ya Mama Chausiku ikishuka ujue kuna jambo. "Mwenzangu," nikamsikia, "mimi sipendi kuingilia ya watu. Lakini maneno yapo, na yanazidi." Nikaiweka pasi juu ya meza. Akaendelea, "Wewe humwoni mumeo alivyo? Na huyo mtoto unamlaza uani kwako, unampikia." Nikasubiri jibu la Mama Asha. Halikuja. Nilisikia kiti kikisogea, kisha redio ikaongezwa sauti, taarabu ikajaa nyumba nzima. Nikashukuru kimoyomoyo. Nilidhani amemkatiza Mama Chausiku kwa heshima, ananitetea. Pasi ilikuwa imeunguza kitambaa cha meza.

Siku chache baadaye akaja shangazi yake Selemani kutoka Matombo. Selemani hakuwa na mama. Shangazi huyu ndiye aliyemlea, na bila yeye posa haisogei. Alileta mkungu wa ndizi na mdalasini umefungwa kwenye gazeti, akakaa kitandani kwangu, mimi chini mkekani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini mno. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye zile raba pembeni ya mlango. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi ni mtu wa shamba, sijui kuzungusha maneno. Nimesikia unatembea na huyu mzee mwenye nyumba. Ni kweli?"

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilikuwa nafikiri juu ya jiwe na kijito na wale akina mama. "Kweli kabisa shangazi," nikasema. "Kila siku alfajiri. Hata mama mwenye nyumba anajua, yeye ndiye aliyenituma, maana yeye mwenyewe nyonga inamsumbua."

Shangazi akashika ukingo wa kitanda. "Na nasikia mmekwenda kupima."

"Kila Ijumaa, shangazi. Mwanzo ilikuwa juu sana, daktari aliogopa. Sasa inashuka."

Shangazi akaivuta kanga yake mpaka mdomoni. Ndipo polepole, kama maji yanavyopanda miguuni, nikasikia nilichokuwa nimesema. Kutembea na mtu. Kupima. Mwaka ule ukisema umekwenda kupima hukuulizwa umepima nini. Nikaruka. "Shangazi, kutembea kwa miguu! Presha, shangazi, anapima presha!" Nikamweleza yote, nikamwonyesha raba, nikataka nimwite Mama Asha. Akaninyanyulia mkono. Sijui kama aliniamini. Nadhani aliniamini nusu, na nusu hiyo haikumsaidia. "Kwa miguu au kwa nini," alisema akijifunga kanga yake upya, "mji mzima unasema unatembea naye, na wewe umenijibu ndiyo. Mimi ninaye mtoto mmoja tu. Acha kutembea na huyo mzee, au posa tutaichukua."

Nilimtafuta Selemani sokoni. Alikuwa amesimama kwenye kilima chake cha mashati, akanivuta pembeni. Selemani hakuwa mtu mbaya, na sitamsema vibaya sasa ameshatangulia mbele za haki. "Mimi nakuamini," aliniambia. "Ila shangazi ndiye mama yangu. Acha kwa muda tu, mpaka ndoa ipite. Mwezi, miezi miwili. Mzee ameshapona, au siyo?" Na mimi nilitaka kuolewa. Niseme ukweli, nilimtaka Selemani kwa roho yangu yote, na nilichoka kuona watu wakinyamaza nikiingia. Nikasema mzee ameshapona. Nilijua hajapona. Daktari alisema mbele yangu asitembee peke yake hata siku moja, na alinitazama mimi aliposema.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mzee ukweli. Ningemwambiaje? Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikichechemea, nimefunga mguu wa kushoto kwa kitambaa, nikasema nimeteguka kwenye ngazi za ofisi. Mzee akasikitika. Mama Asha akafungua sanduku lake, akatoa lile kopo la chumvi ambalo halikuwa limeonja hewa miezi mingi, akaitia kwenye maji ya moto, akaketi kwenye kigoda na kuuchukua mguu wangu mapajani mwake. Akaukanda. Akauliza panapouma, nikamwonyesha, akapakanda hapo. Kila jioni alifanya hivyo, baada ya chakula, bila kusema mengi, na kila jioni nilimtazama yule mama wa nyonga mbovu ameinamia mguu mzima na nikatamani uvunjike kweli.

Alfajiri ya kwanza mzee aligonga mlango wangu taratibu. "Binti, mguu je?" "Bado, baba." "Basi pumzika. Mimi nitajikongoja kidogo tu, nisije nikapoteza mazoea." Nikasikia raba zake kwenye kokoto za uani, kisha geti, kisha hamna kitu. Sikulala tena. Nilikaa kitandani nikimfuata kichwani: sasa yuko Mji Mpya, sasa anapita soko, sasa anapanda. Nilipomsikia akirudi ndipo nilipoinuka kuvaa. Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu, ya tano. Nilijiambia akirudi salama wiki moja nitajua Mungu ameridhia. Wiki ikapita, akarudi salama siku zote saba, na hofu haikupungua hata kidogo. Nikaanza tu kuhesabu wiki nyingine.

Siku ya tisa hakurudi. Saa moja ikafika. Mama Asha alikuwa amesimama mlango wa uani na kikombe cha chai kimefunikwa kisosi, anatazama geti. Mimi nilikuwa kizingitini kwangu na kitambaa changu mguuni. Ndipo akaingia yule mama wa Uluguru mwenye jino lililokatika, bila tenga, kanga imemlegea, anahema. Hakujua jina la mzee, hakujua jina la mtaa. "Nimeuliza tu," akasema, "kwa yule mzee anayetembea na binti ni wapi, nikaonyeshwa mpaka mlangoni." Mzee alikuwa ameanguka chini kidogo ya lile jiwe. Yeye na wenzake walimkuta hasemi. Waliacha ndizi zao barabarani, wakamlaza kwenye kanga, wakaishika pembe nne, na wenzake walikuwa njiani naye kwenda hospitali.

Nilikimbia. Sikufikiri, nilikimbia tu, nikaruka mfereji wa geti kwa miguu yote miwili. Kitambaa kilifunguka, kikanifuata kidogo, kikabaki vumbini. Kwenye kona niligeuka, sijui kwa nini, na Mama Asha alikuwa ametoka mpaka barabarani. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mguu.

Upande wa kulia wa mzee ulikufa, na mdomo ukaenda kando. Mama Asha alifika hospitali mchana, ameletwa na jirani kwa baiskeli, akakaa upande mwingine wa kitanda. Akamfunika mzee shuka mpaka kifuani. Kisha akasema, bila kuniangalia: "Mguu umepona." Nikasema, "Ndiyo, mama." Basi. Nikangoja aniambie nihame. Hakuniambia. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, nikala chote, nikaosha na sahani yake.

Mzee aliporudi nyumbani nilimwendea Selemani nikamwambia nitatembea na Mzee Kondo, na shangazi aambiwe hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Posa ikapanda kurudi Matombo na haikushuka tena. Nililia, sitaki kujifanya shujaa, nililia mwezi mzima. Lakini kila alfajiri nilimshika mzee kwapani, kwanza kutoka kitandani mpaka mlangoni, halafu mpaka kwenye mwembe wa jirani, halafu mpaka barabarani, watu wakituona, tumeshikana mikono kabisa, na yule mlinzi wa kiwanda, akipita kwenda zamu, akaanza tena kunitania. Orodha ya waliopunguzwa ilipotoka ni mimi niliyeipiga chapa, na jina la mzee nililipiga kwa vidole hivi. Hatukufika tena kwenye jiwe. Aliishi miaka minne. Nilipoolewa, na mtu mwingine, nikahamia Kihonda, bado nilikuwa nakuja.

Na baada ya mzee kufariki niliendelea kuja kwa Mama Asha. Kila nilipofika, miaka yote zaidi ya thelathini, kabla hajaniuliza watoto wala safari, aliniuliza, "Mguu haujambo?" Nami nikajibu, "Haujambo, mama." Nilijua ananikumbusha. Nilijua ni haki yake, nikaimeza kila mara kama dawa chungu. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka huu, alikuwa hatoki tena kitandani, mkono wake umekuwa mwepesi kama jani la mgomba lililokauka. "Mguu haujambo?" Sikuweza tena. Nikamwambia, "Mama, ule mguu haukuwahi kuugua."

"Najua," akasema. "Si nilikuwa naukanda mimi? Haukuvimba hata siku ya kwanza."

Nikamuuliza, kwa nini basi hukusema. Kwa nini ulimwacha mzee akaenda peke yake siku zote zile. Aligeuzia uso ukutani. "Na mimi nilikuwa nimesikia maneno, mwanangu," akasema. "Nikasema, heri aende peke yake."

Kwa hiyo zile taarabu hazikuwa kwa ajili yangu. Na lile swali la miaka thelathini alikuwa anajiuliza mwenyewe, mimi nalijibu tu. Tulishikana mikono mpaka Asha alipoingia na uji.

Mchele ulipoisha kuchambuliwa pale msibani, nilimgeukia yule bibi mwenye masikio mazito. Nikamwamkia, akaitikia. Nikasogea karibu na sikio lake, nikasema kwa sauti ambayo mkeka mzima uliisikia, "Ni mimi, bibi. Nilitembea naye. Ni siku tisa tu ambazo tulimwacha atembee peke yake."